Kutoka Matao ya Roma hadi Jiwe la Mugere: Kuzisoma Kumbukumbu za Ushindi Kusini mwa Ruziba

Ikisiri

Makala haya yanalijadili jiwe la kumbukumbu la Livingstone na Stanley lililoko Mugere, kusini mwa mtaa wa Ruziba jijini Bujumbura, kwa kulilinganisha na matao ya ushindi ya Roma ya kale. Hoja kuu ni kwamba kumbukumbu ya ushindi huwagawa watu katika makundi matatu: wanaotajwa kwa majina, wanaochongwa bila majina, na wasioonekana kabisa. Kwa kutumia maandishi ya wasafiri wenyewe, makala yanaonesha kuwa swali la mto Rusizi, lililowaleta wageni hao Uzige mwezi Novemba 1871, lilikwisha kujibiwa na wenyeji, na kwamba Kiswahili ndicho kilikuwa njia ya jibu hilo. Makala yanapendekeza kuwa jiwe lisiondolewe, ila liwekewe maandishi ya pili.

1.0 Utangulizi

Msafiri anayetoka katikati ya Bujumbura kwa barabara ya Rumonge hupita Kanyosha, akafika Ruziba, na baada ya mwendo mfupi huukuta mto Mugere ukiteremka kutoka milimani kwenda Ziwa Tanganyika. Mkono wake wa kulia ni ziwa, na ng’ambo yake ni milima ya Kongo. Mkono wa kushoto ni miteremko ya Burundi. Juu ya mteremko huo liko jiwe kubwa lililochongwa majina mawili, Livingstone na Stanley, pamoja na tarehe: 25 Novemba 1871. Maandishi yanaishia hapo.

Mara nyingi husemwa kuwa hapo ndipo Stanley alipokutana na Livingstone kwa mara ya kwanza. Sivyo. Wawili hao walikutana Ujiji, katika Kigoma ya leo, siku ambayo Stanley aliiandika kuwa 10 Novemba 1871. Mugere walifika pamoja siku kumi na tano baadaye. Kosa hilo dogo la tarehe na mahali linastahili kusahihishwa, lakini halipaswi kutushughulisha sana, kwa kuwa lipo pengo kubwa zaidi. Hata anayeijua tarehe sahihi, akilisoma jiwe lile, haondoki na jibu la maswali matatu ya msingi: wageni hawa walikuja kutafuta nini? Walipokewa na nani? Nani aliwapa walichokitafuta?

Ili kuyajibu maswali hayo, makala yanaanzia mbali, katika magofu ya Roma. Sababu ni kwamba tao la ushindi la Kirumi ndiyo kumbukumbu ya ushindi iliyochunguzwa zaidi na wanahistoria, na mbinu zilizotumika kulisoma zinaweza kutufaa Mugere.

2.0 Tao la Kirumi na makundi yake matatu ya watu

Jemadari wa Kirumi aliyeshinda vita vikubwa aliruhusiwa kuingia mjini kwa maandamano. Alipanda gari la farasi wanne, akafuata Njia Takatifu iliyokatiza katikati ya uwanja wa mikutano, akapanda kilima cha Capitolium hadi hekalu la Jupiter. Mbele yake walipitishwa mateka na nyara. Maandamano hayo yalidumu siku moja au chache, lakini tao la mawe lililojengwa kuyakumbuka lilikusudiwa kudumu milele.

Anayetembelea Roma leo huyakuta matao matatu makubwa karibu karibu. La Titus, lililojengwa yapata mwaka 81, linaonesha nyara za hekalu la Yerusalemu zikibebwa, pamoja na kinara cha matawi saba. La Septimius Severus, la mwaka 203, linasifu vita dhidi ya Waparthi. La Constantinus, la mwaka 315, linasifu ushindi wake dhidi ya mpinzani wake Maxentius.

Katika matao haya, kundi la kwanza la watu ni la wanaotajwa. Jina la Kaisari limechongwa kwa herufi kubwa juu kabisa, pamoja na vyeo vyake. Kundi la pili ni la wanaoonekana bila majina. Chini ya nguzo za tao la Severus wamechongwa mateka wa Kiparthi wakiongozwa na askari. Juu ya tao la Constantinus zimesimama sanamu za mateka wa Dakia, zilizochukuliwa kutoka jengo la zamani la enzi ya Trajanus. Mateka hao wana nyuso, mavazi na huzuni, lakini hawana majina. Kundi la tatu halionekani kabisa: waliochimba mawe, waliojenga, waliolisha jeshi, waliotafsiri maneno ya adui, waliojua njia za jangwani.

Jambo jingine la kuzingatia ni kuwa tao halikujengwa mara moja likaachwa. Severus alikuwa mwana wa Afrika, mzaliwa wa Leptis Magna katika Libya ya leo, na mji huo nao ulimjengea tao. Tao lake la Roma liliwataja pia wanawe wawili, Caracalla na Geta. Baada ya Severus kufariki mwaka 211, Caracalla alimuua ndugu yake na kuamuru jina lake lifutwe kila mahali. Herufi za shaba zilizomtaja Geta ziking’olewa, na maneno mengine ya kuisifu familia yakawekwa mahali pake. Lakini matundu yaliyoshikilia herufi za awali yalibaki katika jiwe, na wataalamu wamelisoma jina lililofutwa kwa kuyafuata matundu hayo. Jiwe ni chanzo kama vyanzo vingine: huhaririwa, na uhariri huacha alama.

Faida nyingine anayoipata mgeni wa Roma ni magofu yanayolizunguka tao. Kuna mahakama, masoko, mahekalu na nyumba. Tao likijisifu mno, magofu ya jirani humsaidia msomaji kulipima. Tutaona kuwa Mugere msaada huo haupo.

3.0 Umbo la Roma katika Afrika Mashariki

Mtindo wa tao la ushindi haukubaki Roma. Katika enzi ya ukoloni, madola ya Ulaya yaliutumia kujitangaza kuwa warithi wa Warumi. Mfano ulio karibu nasi zaidi uko Mogadishu, ambako Waitalia walijenga tao mwaka 1928 kumpokea Umberto, mwana wa mfalme wa Italia. Mgeni huyo hakuwa ameshinda vita vyovyote hapo. Kufika kwake peke yake kulitosha kuitwa ushindi. Mombasa nayo ilijengewa mapembe ya ndovu yanayovuka barabara, katika miaka ya 1950, ili kuipokea familia ya kifalme ya Uingereza. Watu wa Mombasa wameyafanya yao, na leo ni alama ya mji. Lakini kazi yake ya mwanzo ilikuwa ile ile ya tao: mgeni apite chini yake na wenyeji wasimame kando.

Dar es Salaam inatuonesha kundi la pili, la wanaochongwa bila majina. Wajerumani walisimamisha hapo sanamu ya Hermann von Wissmann, na miguuni pake askari Mwafrika akimtazama kutoka chini. Mmoja ana jina, mwingine ni askari tu. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza waliiondoa, na mwaka 1927 ikazinduliwa sanamu ya Askari tunayoijua, ikiwa na maandishi kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Hapo Mwafrika amepandishwa juu ya nguzo, na lugha yake imeingia katika kumbukumbu. Hata hivyo bado hana jina, wala wapagazi wa vita vile waliokufa kwa maelfu kwa njaa na maradhi hawana majina hapo. Kumbukumbu yao hai zaidi imehifadhiwa na jina la soko na mtaa, Kariakoo, lililotokana na kambi ya wapagazi hao.

Jiwe la Mugere halina umbo la tao, wala halina sanamu. Lakini linafanya kazi ya tao kwa ukamilifu kuliko mengi yaliyotajwa hapo juu, kwa sababu limeliondoa kabisa kundi la pili. Limebaki na wanaotajwa na wasioonekana.

4.0 Siku mbili za Mugere

Wasafiri hao wawili waliondoka Ujiji tarehe 16 Novemba 1871. Chombo chao kilikuwa mtumbwi uliochongwa kutoka gogo la mvule wa Ugoma, na waliouendesha walikuwa wapiga makasia kumi na sita. Ndani yake walikuwamo pia Selim, kijana wa Yerusalemu aliyekuwa mkalimani wa Stanley, na Ferajji, mpishi. Walipita mwambao wa mashariki kuelekea kaskazini, wakilala ufukoni, wakikwepa vijiji vilivyodai ushuru mkubwa, hadi walipofika Uzige, eneo la kichwa cha ziwa ambako Bujumbura iko leo.

Hapo walipokewa na Mukamba, mtawala wa sehemu hiyo. Mapokezi yalifuata taratibu za nchi. Mwenyeji alitoa mifugo na maziwa. Mgeni naye alipaswa kutoa zawadi. Shajara ya Livingstone inataja alichompa Mukamba: doti tisa za nguo na fundo tisa za shanga. Tarehe 26, siku ya Jumapili, Stanley aliugua homa kali, na safari ikasimama. Livingstone alimwuguza mwenzake, na wote wawili walikaa chini ya ulinzi wa mwenyeji wao. Tarehe 27, Stanley alipopata nafuu, waliondoka jua likizama. Walipiga makasia usiku kucha, na alfajiri wakafika kwa Ruhinga, karibu na mdomo wa Rusizi.

Hayo ndiyo matukio ambayo jiwe linayakumbuka. Tukiyatazama kwa utulivu, hakuna aliyeshinda wala aliyeshindwa. Kuna mgonjwa, mwuguzi, na mwenyeji aliyewapa hifadhi wakati mmoja wao hawezi kusimama. Historia ya siku mbili hizo ni historia ya ukarimu wenye masharti yake, na mtendaji mkuu ndani yake ni Mukamba. Jiwe limemwondoa.

Si kwamba Mukamba alikuwa mtu wa kawaida asiye na mambo yake. Maandishi ya Stanley yanamwonesha akiwa katika uhasama na mtawala jirani, Warumashanya, na akijua vizuri thamani ya wageni wenye bunduki na nguo. Kuwapokea kulikuwa pia siasa. Uzige ilikuwa pembezoni mwa ufalme wa Burundi chini ya Mwezi Gisabo, na wafanyabiashara wa Ujiji walikuwa wakiitamani. Katika miaka ya 1880 Mohamed bin Khalfan, maarufu kwa jina la Rumaliza, alijaribu kuitia Burundi mikononi mwake akashindwa. Mtawala wa ufuko huo alilazimika kupima kila mtumbwi uliotia nanga kwake: umeleta biashara au umeleta vita?

5.0 Swali la Rusizi na jibu la Ruhinga

Wageni walikuja kwa swali moja la jiografia: je, mto Rusizi huingia ziwani au hutoka? Kama ungetoka kuelekea kaskazini, Ziwa Tanganyika lingeweza kuwa chanzo cha mto Nile. Kama huingia, dhana hiyo ingeanguka. Kwa wasomi wa London, hilo lilikuwa swali lililogawanya marafiki na kuharibu sifa za watu.

Swali hilo lilikuwa na historia. Mwaka 1858 Richard Burton na John Speke walisafiri katika ziwa hilo hilo. Speke alitangulia kumwona mfanyabiashara Hamid bin Sulayyim katika kisiwa cha Kasenge, akarudi akiamini ameambiwa kuwa mto mkubwa hutoka kaskazini mwa ziwa. Wote wawili walipofika Uvira mwezi Aprili, vijana wa mtawala wa huko waliwaambia kinyume: Rusizi huingia. Burton anaeleza kuwa ndipo Sidi Mubarak Bombay aliposema kwamba Speke alikuwa hakuyaelewa maneno ya Hamid, ambaye alizungumzia mto unaoingia. Tukumbuke jinsi maneno hayo yalivyosafiri: Speke hakujua Kiswahili wala Kiarabu cha kutosha, na aliwasiliana na Bombay kwa Kihindi. Katika safari hiyo kutoka lugha moja hadi nyingine, “kuingia” kukawa “kutoka”, na ramani ya bara ikapinduka.

Burton na Speke hawakuufikia mto wenyewe, na shaka ikaendelea miaka kumi na mitatu. Hata mwaka 1871 habari hazikuwa za sauti moja. Livingstone anaandika kuwa mngwana mmoja aliyetoka kwa Mukamba alisisitiza kuwa maji ya Tanganyika hutoka kupitia Rusizi hadi Ukerewe. Hilo linatuonya tusiseme kwa wepesi kwamba “wenyeji walijua” kana kwamba wenyeji ni mtu mmoja. Mfanyabiashara mpita njia na mtu wa kando ya mto hawana elimu moja.

Aliyekuwa na elimu hiyo ni Ruhinga. Alikuwa kaka yake Mukamba, na Stanley anamweleza kuwa mcheshi, aliyesema kuwa umri wake ni miaka mia moja, asiye na haiba ya mdogo wake mbele ya watu. Lakini Stanley huyo huyo anakiri kuwa Ruhinga aliijua nchi kuliko Mukamba, kwamba alikuwa na kumbukumbu ya ajabu, na kwamba aliweza kuyaeleza aliyoyajua kwa mpangilio. Ruhinga aliwaambia kuwa Rusizi huanzia ziwa Kivu. Aliwatajia mito zaidi ya kumi inayoingia ndani yake, mmoja baada ya mwingine. Baadhi ya majina hayo, kama Sange, Kiliba na Kavimvira, msafiri wa barabara ya Uvira anayasikia hadi leo.

Baada ya maelezo hayo ndipo wageni walipoingia mtumbwini, tarehe 29 Novemba, kwenda kuona kwa macho. Walikuta matawi matatu ya mto katikati ya matete, na mkondo ukiingia ziwani kwa nguvu. Jibu likathibitishwa. Neno la kuzingatia ni hilo: likathibitishwa. Uchunguzi wa wageni ulikuwa na thamani yake, kwa kuwa ulimaliza ubishi uliokuwa ukiendelea London. Lakini kuthibitisha si kugundua. Katika taaluma yoyote, anayethibitisha humtaja aliyetangulia kusema. Livingstone na Stanley walimtaja Ruhinga katika vitabu vyao. Jiwe ndilo lililomsahau.

Wala si jiwe peke yake lililojaribu kuandika ushindi juu ya ziwa. Katika safari hiyo Stanley aliviita visiwa vidogo vya kaskazini-magharibi kwa jina la gazeti lake la New York. Jina hilo halikushika. Mito ya Ruhinga bado inaitwa alivyoiita.

6.0 Mahali pasipo magofu

Tulisema kuwa tao la Roma linazungukwa na magofu yanayomsaidia msomaji. Mugere hakuna magofu ya aina hiyo. Makazi ya Uzige yalijengwa kwa miti, matete na nyasi, vitu vinavyorudi ardhini baada ya miaka michache. Kwa hiyo jiwe limebaki peke yake, na anayelisoma hana cha kulipima. Hapo ndipo kumbukumbu ya upande mmoja inapopata nguvu kuliko inavyostahili: ukimya wa mahali huchukuliwa kuwa ushahidi kwamba hapakuwa na kitu.

Lakini mabaki yapo, na yamo ndani ya maneno. Chukua tena zawadi ya Mukamba. Doti ni kipimo cha nguo kilichotumika kutoka pwani hadi maziwa makuu. Fundo ni kipimo cha shanga zilizofungwa pamoja. Livingstone aliyaandika maneno hayo katika shajara ya Kiingereza bila kuyatafsiri, kwa kuwa hapakuwa na maneno mengine ya kazi hiyo. Mngwana ni neno la Kiswahili lililobeba historia nzima ya uungwana wa pwani na utumwa uliokuwa kivuli chake. Uzige, Ugoma na Ujiji ni majina yaliyoandikwa kwa kiambishi cha Kiswahili cha kutajia nchi. Mkaguzi wa maandishi ya wasafiri hao huona kwamba chini ya Kiingereza chao kuna Kiswahili cha msafara, kama msingi wa jengo chini ya vumbi.

Hilo lina uzito maalumu nchini Burundi. Kiswahili hapa mara nyingi kimetazamwa kama lugha ya mitaa fulani ya Bujumbura, Buyenzi kwa mfano, au lugha ya wavuvi na wachuuzi wa mwambao hadi Rumonge. Tangu nchi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, kimepata nafasi zaidi shuleni. Matukio ya Mugere yanaonesha kuwa uhusiano huo ni wa kale kuliko mpaka wowote wa kikoloni. Mwaka 1871, kabla ya Mjerumani wala Mbelgiji kufika, mazungumzo ya kielimu kuhusu mito ya nchi hii yalifanyika kwa kupitia Kirundi na Kiswahili pamoja. Mwalimu wa Kiswahili wa Ruziba anayewapeleka wanafunzi wake Mugere hawapeleki kwenye kumbukumbu ya Waingereza. Anawapeleka mahali ambapo somo lake lilikuwa chombo cha maarifa.

7.0 Maandishi ya Chitambo

Huenda akatokea wa kusema kuwa tunaidai karne ya 19 desturi isiyokuwa yake; kwamba zama zile haikuwa kawaida kuwataja wasaidizi. Ushahidi wa mti mmoja unalikanusha dai hilo.

Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Watu wa msafara wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaubeba hadi Bagamoyo, ulikofika Februari 1874. Kabla ya kuondoka, Jacob Wainwright, Mwafrika aliyesomeshwa India katika shule ya Nasik, alichonga maandishi katika gome la mti ule. Aliandika jina la Livingstone na tarehe, 4 Mei 1873. Chini yake akaandika majina mengine matatu: Yazuza, Mniasere na Uchopere. Kipande cha mti huo kimehifadhiwa London.

Maandishi hayo mawili, la jiwe na la mti, yanamhusu mtu yule yule. Lile la Mugere linamtaja pamoja na Mzungu mwenzake. Lile la Chitambo, lililochongwa na Mwafrika katika siku ya msiba, linamtaja pamoja na Waafrika waliokuwa naye. Desturi ya kuwataja wenzi wa safari ilikuwapo, basi, na ilikuwa ya watu wa msafara. Tunapotaka jina la Ruhinga liwe Mugere, tunafuata kanuni aliyoiweka Wainwright kwa kisu chake.

8.0 Kufuta au kuongeza?

Lifanywe nini na jiwe la Mugere? Wapo wanaoona kumbukumbu za aina hii ziondolewe. Hoja yao ina nguvu pale kumbukumbu inapomsifu mtesaji. Sanamu ya Wissmann, iliyohamishwa na kusimamishwa tena Hamburg mwaka 1922, iliangushwa na wanafunzi mwaka 1968, na ni vigumu kuwalaumu. Mugere ni tofauti. Kisa chake si cha mauaji, na jiwe likiondolewa, mahali hapa hapatabaki na alama yoyote ya kumfanya mpita njia asimame. Tulikwisha kuona pia kuwa kufuta hakufuti: aliyemfuta Geta alituachia matundu, na leo anakumbukwa kwa ajili ya kufuta kwake.

Makala haya yanapendekeza kuongeza. Kwanza, kando ya jiwe pawekwe maandishi ya pili, kwa Kirundi na Kiswahili, yakimtaja Mukamba aliyewapokea wageni, Ruhinga aliyeeleza mwelekeo wa Rusizi, Selim, Ferajji na wapiga makasia kumi na sita. Pili, maandishi hayo yaseme wazi kuwa mkutano wa kwanza ulikuwa Ujiji. Ukweli huo hauipunguzii Mugere heshima. Unaipa heshima iliyo yake, ya mahali ambapo swali kubwa la jiografia lilikaribia jibu. Tatu, simulizi za wazee wa Kabezi, Ruziba na Kanyosha kuhusu watawala wa Uzige zikusanywe na kulinganishwa na maandishi ya wasafiri, kabla wenye kuzijua hawajatuacha. Vitabu vinatupa Mukamba na Ruhinga kama walivyoonekana na mgeni aliyekaa nao siku chache. Nasaba zao, mashamba yao na vita vyao viko katika kumbukumbu nyingine.

Burundi si ngeni katika kazi ya kumbukumbu. Kaburi la Mwana wa Mfalme Louis Rwagasore, aliyeuawa tarehe 13 Oktoba 1961, liko juu ya kilima cha Vugizo na linaonekana kutoka sehemu nyingi za mji. Nchi iliyojua kumwekea alama shujaa wa uhuru wake haiwezi kushindwa kuandika sentensi tano kuhusu mwanajiografia wake wa karne ya 19.

9.0 Hitimisho

Tao la ushindi ni namna ya kuandika kabla halijawa namna ya kujenga. Linachagua jina, linaonesha sura, linaficha mikono. Anayelitembelea, Roma au Mogadishu, hana budi kuuliza maswali matatu: nani ametajwa, nani ameonekana tu, nani hayupo? Kwa maswali hayo, jiwe la Mugere limetupeleka kwa Mukamba na zawadi zake, kwa Ruhinga na mito yake, kwa mkalimani, mpishi na watu kumi na sita wenye makasia. Wote hao walikuwa katika vyanzo tangu mwaka 1872, Stanley alipochapisha kitabu chake. Hawakuhitaji kugunduliwa, walihitaji kusomwa.

Wajibu wa wanahistoria wanaoandika kwa Kiswahili ni kuwarudisha watu hao katika lugha iliyokuwa yao au iliyokuwa jirani na yao, na kisha katika mahali walipoishi. Kutoka Ruziba hadi Mugere si mbali. Mwanafunzi anayekwenda huko kesho anastahili kukuta jina la Ruhinga likimngojea.